Mama Magige

Pikipiki ilikuwa haijafika hata kwenye ua wa minyaa, lakini Magige alishaisikia. Alikuwa amekaa mapajani kwa Asteria, mdomo umejaa uji, vidole viwili vimeshika sikio la dada huyo pale chini panapotobolewa hereni. Akaliachia sikio, akakisukuma kijiko, akashuka huyo! Uji wote ukamwagikia khanga ya watu.

"Mama! Mama kaja!"

Asteria akabaki na kijiko mkononi. Jambo lilikuwa lile lile kila jioni, na kila jioni lilimuuma upya. Tangu alfajiri yeye ndiye aliyemwogesha mtoto huyu, akamtoa mwiba kidoleni, akamfukuzia yule jogoo mwekundu anayemwogopa, akamfuta makamasi, akamchambulia samaki miiba. Sasa jua linazama, anashuka mtu kwenye bodaboda na biskuti za dukani, anamchukua mtoto mzima mzima. Jamani, hata ungekuwa wewe!

"Shikamoo, Mama Magige," alisema, akiikung'uta khanga.

"Marahaba. Mbona mtoto mchafu hivi?"

"Alikuwa anakula."

"Anakula kwa mashavu?" Suzana akacheka, akambusu mwanawe kwenye hayo hayo mashavu machafu, akapita naye ndani.

Jina hilo ndilo lililomkera Asteria kuliko yote. Mama Magige. Akitaka kuuliza mboga gani ipikwe, Mama Magige. Akiomba sabuni, Mama Magige. Alilitamka vizuri, kwa adabu, lakini kila alipolitamka aliona kama anamkabidhi mtu mwingine kitu ambacho yeye ndiye anayekitolea jasho.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kawaida, na afadhali tuseme mapema ili mtu asikae akijiuliza baba mwenye nyumba yuko wapi. Hakuwepo. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Ghati, mjane wa Kikurya aliyehamia na mumewe na ng'ombe wao kutoka Tarime hadi huku vijijini Masumbwe, miaka ile malisho yalipokuwa bado ya kumwaga. Mume akafa. Mabinti wakaolewa, wakaenda zao. Mtoto wa kiume Ghati hakujaliwa. Kwao Ukuryani mama wa namna hiyo haachi nyumba yake ife: anatoa ng'ombe, anaoa mke, na watoto watakaozaliwa na mke huyo ni wa nyumba yake na ya marehemu. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Basi ng'ombe walitoka, wakaenda hadi Nyasubi kule Kahama, kwa mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na mabinti wengi na zizi tupu, na Suzana akaja. Mwaka wa pili akamzaa Magige, akapewa jina la marehemu, vigelegele vikapigwa. Majirani walinong'ona mpaka wakachoka. Walichoka mapema kidogo, kwa kuwa ng'ombe wa Ghati ndio waliowalimia mashamba.

Asteria alikuja kuajiriwa mtoto akiwa hajaweza hata kukaa. Siku ya kwanza alipika, akapakua, akauliza kwa heshima zote, "Bibi, chakula cha baba mwenye nyumba nikiweke wapi?"

"Baba mwenye nyumba ndiye mimi," alijibu Ghati. "Lete."

Kwao Asteria, vijiji vichache tu kutoka hapo, baba alikuwepo, na watu wote wa nyumba walitamani asiwepo, hasa jioni akitoka kilabuni. Kwa hiyo alipoizoea nyumba hii isiyo na mwanamume, aliiona ni pepo. Hakuna aliyerushiwa sufuria. Hakuna aliyelala kwa jirani. Na humo peponi akamtazama Suzana: mke, lakini hana mume wa kumpiga, ana chumba chake na godoro nene, asubuhi anapanda bodaboda kwenda kuuza chai na wali kule machimboni, kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na hakuna anayemuuliza umechelewa wapi. Juu ya yote hayo ana mtoto. Mtu mmoja apewe vyote hivyo, kwa lipi?

Kitu kimoja tu Suzana hakuwa nacho, nacho ni usingizi wa Magige. Mtoto hakulala mpaka ashike sikio, tena alisugue taratibu kwa vidole viwili mpaka macho yafumbe. Sikio la kulia la Asteria lilikuwa na kidonda kidogo kisichopona kwa ajili ya kucha zake. Suzana hakujua. Hakuwahi kuuliza, na Asteria hakuwahi kusema.

*

Fujo ilianzia zahanati. Siku hiyo Magige alikuwa na homa, Suzana alishaondoka, Asteria akambeba mgongoni akapanga foleni na wenzake. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni.

"Mama Magige yupo?"

"Abee!"

Ilimtoka yenyewe. Akainuka, akaingia, muuguzi akamwambia, "Mama, mtoto wako ana uzito mzuri, hongera, dawa hii umpe baada ya kula." Mama, mtoto wako! Asteria alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Kumbe kwenye ile foleni alikuwepo Ritha, mama mmoja anayekaanga chapati pale pale karasha, meza yake na ya Suzana zimegusana. Na Ritha neno halimkai tumboni hata dakika.

Jioni Suzana alishuka kwenye bodaboda bila biskuti. Ghati alikuwa kwenye kigoda chake barazani akichambua michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, Asteria anachochea kuni.

"Mama Magige, hujambo?" alisema Suzana.

Asteria akageuka kutazama nani kaja.

"Nakusalimu wewe. Si nasikia siku hizi ndiye wewe?"

"Waliita tu, mama, nikaona foleni itanipita..."

"Haya, Mama Magige mwenzangu, njoo tulinganishe." Suzana akaipandisha blauzi yake pale pale uani, akaonyesha kovu lililokatiza chini ya kitovu, refu, jeusi, lenye kung'aa. "Mimi nilipasuliwa hapa. Wewe ulipasuliwa wapi? Tuonyeshe."

Asteria akatazama kuni.

"Si nakuuliza? Ulipasuliwa wapi?"

"Sikupasuliwa."

"Basi mwambie mtoto wewe ni nani. Magige, njoo baba. Mwambie, asikie."

"Suzana," Ghati alisema bila kuinua kichwa, "inatosha."

"Haijatosha, Mama. Mtoto anakua, atachanganyikiwa. Sema, mimi ni dada wa kazi."

"Mimi ni dada wa kazi," alisema Asteria.

Magige akadhani ni mchezo mpya. Akaruka, akapiga makofi, akaimba, "Mimi dada wa kazi! Mimi dada wa kazi!" Suzana akacheka. Dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri nauli yake akacheka. Hata Ghati, aliyesema inatosha, alicheka pua zikatoa sauti. Asteria naye alicheka, maana angefanyaje, lakini machozi yalikuwa yanachuruzika, akasingizia moshi.

Baada ya kula Suzana akamchukua mtoto kwenda kulala chumbani kwake. "Kuanzia leo analala na mama yake," alisema. Asteria akatoka kuosha vyombo, na kabla hajamaliza sufuria ya kwanza kilio kikaanza. Suzana akabembeleza. Akaimba za kanisani, akaimba za Kisukuma, akaahidi pipi, akatisha kwamba fisi anakuja. Kilio kikazidi. Na pale kwenye beseni la vyombo, mikono imejaa povu, Asteria alisikia raha ambayo hajawahi kuisikia tangu azaliwe. Lia, ng'wana wane, lia mwanangu, alisema kimoyomoyo. Lia wakusikie.

Mwishoni mlango ukafunguliwa. Suzana, nywele zimemtimka, akamkabidhi mtoto, akarudi ndani. Asteria akajilaza naye kwenye mkeka, akageuza kichwa. Vidole vikalipata sikio. Kimya. Usidhani raha hiyo ilimponya. Ilimfundisha tu kwamba Suzana akiondoka, hapataharibika kitu.

*

Wiki iliyofuata Suzana alisahau dumu la mafuta ya kupikia, Ghati akamtuma Asteria alipeleke machimboni, mtoto akabaki na bibi yake. Kule karasha watu wote wana rangi moja ya vumbi, na mashine zinapiga kelele kiasi kwamba mtu hana budi kusema kwa kupaza sauti hata mambo ya siri. Ndiyo maana Asteria alipofika nyuma ya turubai la mgahawa wa Suzana alisikia kila kitu kana kwamba anaambiwa yeye.

"Kiwanja kiko Buseresere, jirani kabisa na barabara!" alikuwa akisema mwanamume. "Tofali nimeshafyatua! Siku moja mlete mtoto akapaone!"

"Akapaone, arudi!" Suzana alijibu. "Magige ni wa nyumba ya Mama Ghati, Donatus! Tulishayamaliza hayo tangu mwanzo! Usije ukaniletea balaa!"

"Nani kasema abaki? Nataka tu anijue sura!"

"Sura yako ataiona akijitazama kwenye kioo! Kunywa chai yako!"

Wakacheka. Asteria akachungulia. Donatus alikuwa kijana mrefu, mchimbaji, kofia ya kushukia duarani, kwenye shimo la dhahabu, bado kichwani, tope la shimo limemkaukia shingoni. Alipovua ile kofia, Asteria akaliona paji la uso la Magige, lile lile, limebetuka vile vile. Suzana alikuwa akimfuta tope shingoni kwa ncha ya kitenge, na mkono wake ulienda polepole, bila haraka yoyote.

Mtoto anaye. Nyumba anayo. Na huyu naye ni wake? Asteria aliweka dumu juu ya meza kwa nguvu hata vikombe vikagongana.

"Mafuta yako hayo, Mama Magige."

"Ahaa, asante, dada. Kunywa chai basi."

"Nimeshiba."

Njia nzima ya kurudi alikuwa akijisemea peke yake. Sasa nimekupata, alisema. Nimekupata, mama. Kwao mke akikutwa na mwanamume anarudishwa kwao na mzigo wake kichwani, na mtoto anabaki. Anabaki na nani? Anabaki na aliyemlea. Alilitazama hilo kila upande, akaona halina kasoro.

Lakini Asteria alikuwa amekaa nyumba hiyo muda wote bila kuielewa.

*

Ghati alikuwa hapendi mtu mwingine akamue ng'ombe wake. Asubuhi alikuwa zizini, kichwa ameegemeza ubavuni kwa ng'ombe mweupe, maziwa yanachuruza kwenye ndoo. Asteria alishika ndama.

"Bibi, kuna jambo. Naogopa kulisema."

"Kama unaogopa usiliseme. Unanichanganya na maziwa. Sema."

"Mama Magige ana mwanamume kule karasha."

Maziwa yaliendelea kuchuruza.

"Anaitwa Donatus," Asteria alizidisha. "Nimewaona kwa macho yangu. Anamfuta shingo."

Mabega ya Ghati yakaanza kutikisika. Asteria alidhani analia. Kumbe mama wa watu anacheka, anacheka mpaka ng'ombe akasogea na ndoo nusura imwagike.

"We mtoto! Kwani ulidhani Magige aliletwa na upepo? Mimi ndiye niliyempa mimba Suzana?" Akajifuta macho kwa kiwiko. "Donatus namjua. Ana afya, halewi ovyo, na kwao hakuna kifafa, niliuliza. Ningetaka mke wa kufungia ndani, hao ng'ombe ningewatoa wa nini? Hapa mwanamume anapita. Mtoto ndiye anabaki. Shika ndama vizuri."

Asteria alisikia masikio yanawaka. Lile neno alilolibeba njia nzima kama yai, limekuwa kichekesho. Jioni Suzana ataambiwa, watacheka tena, wote wawili, na dereva wa bodaboda, na Ritha. Ulipasuliwa wapi?

"Ila wanataka kumchukua Magige," alisema.

"Wanataka nini?"

"Donatus ana kiwanja Buseresere. Amefyatua tofali. Wanataka kumpeleka mtoto huko, wakae naye." Hapo angeweza kunyamaza, na uongo ungekuwa nusu tu. Akaongeza, "Moja kwa moja. Mama Magige alisema ukienda mnadani ndiyo watatoka."

Mikono ya Ghati ikaacha kukamua. Ng'ombe akageuza shingo kutazama kulikoni. Bibi aliinuka, na Asteria aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona, kwamba mwanamke huyu ni mzee.

"Ulisikia kwa sikio lako?"

"Kwa sikio langu, Bibi."

"Maliza hapo," alisema Ghati, akampa ndoo, akaenda kutafuta simu yake.

*

Boaz, mtoto wa kaka yake Ghati, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuja na Kenta lake la kubebea mifugo kabla wiki haijaisha. Kabla ya kufika nyumbani alipitia karasha akaulizauliza. Jioni wakakaa uani: Ghati kwenye kigoda, Boaz kwenye benchi, Suzana chini kwenye mkeka, bado na harufu ya vitunguu vya mgahawani. Asteria alisimama mlangoni pa jiko, Magige kiunoni.

"Donatus yupo," alisema Boaz. "Kiwanja Buseresere kipo. Tofali zipo."

"Nani kakataa?" Suzana alimgeukia Ghati. "Mama, kiwanja ni cha kwake. Mimi kinanihusu nini?"

"Ulitaka kumpeleka mtoto huko."

"Nani kasema?"

"Aliyesikia amesikia."

"Mama! Nimekaa nyumba hii miaka yote, nimekuficha nini? Donatus si nilikuletea hapa hapa, akakuamkia, ukampa maziwa? Alisema mtoto aje apaone, nikamwambia apaone, arudi. Niapishe kwa chochote!" Alipiga magoti, akaishika miguu ya Ghati. "Ni nani aliyesema hayo? Mlete, aseme mbele yangu."

Ghati akageuza macho kwenye zizi lake. Hakumtazama Asteria hata kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutunza siri ya mtu, na hiyo ndiyo bahati mbaya. Angemtazama, pengine msichana angeanguka. Asteria alifungua mdomo. Magige akautia kidole ndani, akacheka. Asteria akaufunga.

Sasa, alijisemea. Sasa atafukuzwa. Hata aliwaza atakavyokiosha kile chumba, na godoro ataligeuzia upande upi.

"Mke wa nyumba hafukuzwi," alisema Ghati. "Ng'ombe walitoka, mimi si mtoto wa kuwadai. Lakini macho yangu hayaoni mpaka Buseresere. Mtoto ataenda Tarime, akae kwa watu wa jina lake. Boaz atawachukua."

"Atawachukua akina nani?" aliuliza Suzana.

"Wewe na mwanao. Utamlea wewe mwenyewe, kutwa. Karasha basi."

Suzana akaachia miguu ya Ghati. "Tarime simjui mtu, Mama. Kikurya chenyewe sikijui."

"Utakijua."

Asteria akamshusha mtoto chini. Kutwa! Suzana alee mwenyewe, kutwa! Hakukuwa na adhabu mbaya kuliko hiyo, na aliyeadhibiwa siye aliyekuwa analia kwenye mkeka.

Asubuhi alimfuata Ghati zizini kabla hajafunga ng'ombe wa kwanza.

"Bibi, niende naye mimi. Mama Magige abaki na biashara yake, mimi nitaenda Tarime. Sitaki hata mshahara."

"Wewe? Wewe ni nani wake?"

Jibu lililokuwepo Asteria alishalitamka uani siku ile, mbele ya watu.

"Basi Bibi... labda sikusikia vizuri. Kule kuna makelele ya mashine."

Ghati alimgeukia. "Hukusikia vizuri, au unamwonea huruma? Ulisema kwa sikio lako."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalikuwa machache tu: nilidanganya, Bibi, niliona wivu. Lakini mawazoni akamwona Suzana anarudi kwenye bodaboda yake, jioni, na biskuti, mtoto anaachia sikio, anakimbia.

"Namwonea huruma," alisema.

"Una moyo mzuri." Ghati akamshika bega, akamgeuza kuelekea kwenye kona ya zizi. "Yule mtamba mwekundu unamwona? Ni wako. Umeiokoa nyumba yangu. Kesho kutwa ukienda kwenu umswage, baba yako ajue binti yake amekaa kwa watu. Hapa hakuna mtoto tena, kazi yako imekwisha."

Kwao hawajawahi kuwa na ng'ombe. Asteria alishukuru kwa magoti, kama inavyopasa, na mtamba akamtazama huku anatafuna.

*

Siku ya kuondoka Suzana aliingia jikoni mwenyewe. Macho yalikuwa yamevimba. Mkononi alikuwa na kile kitenge kizuri cha bluu alichokuwa akivaa Jumapili.

"Chukua," alisema. "Huko nitavaa nguo zao."

"Asante, Mama Magige."

"Najua ni Ritha. Alikuwa anaionea kijicho biashara yangu tangu zamani. Mungu atamlipa." Akakaa kwenye kigogo cha kuni, mahali ambapo hakuwahi kukaa. "Asteria."

Asteria akashtuka. Hakuwahi kuitwa jina lake na huyu mtu. Alikuwa dada, dada, dada.

"Nisamehe kwa maneno ya siku ile. Niliona wivu. Mtoto akiumia anakuita wewe, mimi nafika mwisho na biskuti kama mgeni." Alifuta pua. "Sasa niambie, unamlazaje? Kwangu analia mpaka anatapika. Safari ni ndefu, na kule nitakuwa naye peke yangu. Unafanyaje?"

Uji ulikuwa unachemka. Asteria akaukoroga, akaukoroga tena. Alikuwa amenyang'anywa kila kitu, hata kama mikono iliyonyang'anya ilikuwa yake mwenyewe. Hiki kimoja tu ndicho kilichobaki.

"Anaimbiwa," alisema.

"Nimemwimbia mpaka sauti imekauka."

"Basi atazoea."

Suzana akaitikia kwa kichwa, akainuka polepole.

Boaz alikuwa anapiga honi. Godoro nene lilishapakiwa nyuma, na sanduku, na kuku wawili wamefungwa miguu. Ghati alimbeba mjukuu wake mpaka kwenye gari, akampaka mate kwenye paji la uso kumbariki, akageuka haraka akaenda kwa ng'ombe wake. Suzana akapanda mbele. Asteria akamnyanyua mtoto kumpitisha dirishani, na Magige, aliyekuwa anafurahia gari muda wote huo, ndipo akaelewa kwamba dada hapandi.

"Mama!" alipiga kelele. Alikuwa anamnyooshea mikono Asteria. "Mama! Mamaaa!"

Suzana hakumsahihisha. Alimshika kiuno asidondoke, akatazama mbele, machozi yakimtiririka. Ndilo neno ambalo Asteria alilitamani tangu mtoto huyo ajifunze kusema, nalo limekuja hadharani, mama mwenyewe akisikia. Gari likaondoka nalo.

Alisimama akisikiliza kilio kikienda. Kilipita ua wa minyaa, kikashuka kwenye majaruba ya mpunga. Kule kwenye daraja la magogo Kenta likasimama, ng'ombe wa watu walikuwa wanavuka kwenda kunywa maji. Kilio kikazidi, sasa kimekuwa kile cha kukwama pumzi, ambacho Asteria alikijua, ambacho baada yake huja kutapika.

"Mayu we," alisema, akaanza kukimbia.

Alikimbia bila viatu, khanga mkononi, akipita katikati ya ng'ombe, mchungaji anamfokea. Boaz alishatia gia. Asteria alipiga bati la mlango kwa kiganja.

"Sikio!" alisema, pumzi hana. "Mpe sikio!"

"Nini?" Suzana alitoa kichwa.

"Sikio lako! Ashike hapa chini, alisugue! Ndivyo anavyolala, ashike sikio tu!"

Suzana akamtazama. Akatazama sikio la Asteria, lile la kulia, kile kidonda kidogo. Sijui aliona nini zaidi ya hapo. Akavua hereni, akainamisha kichwa kwa mtoto. Mkono wa Magige ukapapasa shavu la mama yake, ukapapasa nywele, ukafika. Vidole viwili vikaanza kusugua.

Kilio kikakatika. Hakikupungua, kilikatika, kama siku zote.

Gari likavuka daraja. Asteria alibaki katikati ya barabara akiombea kilio kirudi, hata kidogo tu, hata mara moja. Alijitukana kwa kukimbia. Angeweza bado kumsikia sasa hivi, angekuwa bado analiliwa. Vumbi likatulia na barabara ilikuwa kimya.

"Asteria!" Ghati alikuwa anamwita kutoka zizini. "We Asteria! Ng'ombe wako amekata kamba!"

"Abee, Bibi," aliitika, akarudi kumkamata.